Tumepewa jengo la zamani Kisumu tufundishie sanaa, tulichukue ama tuachane nalo?

orutu_kondele

Wadau hamjambo. Niko na kikundi cha wasanii hapa Kisumu, kuna wachoraji, kuna jamaa wa nyatiti na orutu, zile ala za nyuzi za Kijaluo, kuna akina mama wa Dunga wanasuka vikapu vya magugu maji, na kuna msichana mmoja anafunza watoto densi. Tumekua tukitumia ukumbi flani lakini msimu wa harusi ukifika tunatolewa, unapata watoto wamefika Sato asubuhi na brashi zao na ndani watu wanafunga maribuni kwa viti, sasa mnafunzia nje chini ya mwembe na mvua ya huku mnaijua, haibishi hodi.

Sasa kuna mzee mmoja familia yake iko na jengo la zamani upande wa chini wa mji, si mbali na Oginga Odinga Street, ni yale maduka ya kitambo ya mawe, mbele veranda ya nguzo, na pale juu kwa ukuta wa mbele waliandika mwaka lakini namba ya mwisho imebomoka, unaona 193 tu. Ndani kuna vyumba viwili vikubwa vya duka, juu yake ghorofa moja ya mbao, nyuma kuna ua umezungukwa na vyumba vidogo vya stoo. Paa ni mabati yamekula kutu na silingi imejaa popo, ukifungua mlango harufu inakupokea kabla ya mzee. Lakini manze huo ua! Jamaa wetu alikaa hapo kwa kigoda akagonga nyatiti kidogo tu, sauti ikazunguka hizo kuta hadi wapita njia wakaanza kuchungulia.

Mzee anasema hataki kodi miaka miwili, kazi yetu ni kurekebisha. Hajaandika kitu popote, anasema sisi ni watoto wake. Fundi tuliyemleta ameangalia akasema tutoe plasta yote ya zamani tupige simiti ndani na nje alafu tuweke tailisi, na bei aliyotaja siwezi andika hapa mamangu asome. Nusu ya kikundi wanasema tuchukue, nusu wanasema tuachane na magofu twende Mamboleo, kuna memba ana ploti huko, tuweke mabati mapya tuanze maisha.

Nyinyi mnaonaje? Kuna mtu ashafanya hii kitu? Ruhusa inaombwa wapi, makumbusho ama kaunti? Na ni masomo gani yanaweza kaa ndani ya jengo kama hilo na gani hayawezi?

mtu_wa_obunga

Chukua omera. Mamboleo nani atapanda matatu na mtoto na karatasi za kuchora jioni alafu arudi? Town mzazi anaacha mtoto anaenda sokoni anarudi kumchukua. Popo watatoka tu.

MamaSection58

Mdogo wangu, mimi niko Nakuru na nitakuambia kitu moja, hiyo maneno ya "nyinyi ni watoto wangu" ndio itawatoa machozi. Sisi tulikua na klasi za ushonaji, kuchora na muziki wa watoto kwa nyumba moja ya mawe ya enzi za masetla, vigae vyekundu juu, meko ya kuota moto ndani, nyumba ilikua imelala miaka kuku ndio walikua wanaishi. Mwenye nyumba, ambaye sitamtaja, akasema rekebisheni mkae, karatasi tutaandika tu. Kila tukimkumbusha anasema wiki ijayo. Tukabadilisha mbao za dari, tukarudisha maji, tukapiga rangi, tukapanda maua kabisa. Nyumba ikang'ara. Siku moja akaja na mtu amevaa suti wakatembea vyumba vyote bila kusalimia watoto, na mwezi uliofuata tukaambiwa kodi imekua ya mkahawa. Sisi si mkahawa. Tukatoka na vyerehani vyetu na ile dari tukaiacha juu.

Kwa hivyo kabla hata ya kununua msumari mmoja, muone wakili. Sheria ya ardhi ya 2012 inasema mkataba wa kupanga wa miaka miwili kushuka chini, usio na nafasi ya kuongeza, unaweza kua hata wa mdomo na hausajiliwi. Unaona hapo mzee amewapa miaka mingapi? Miwili. Sisemi ni mjanja, pengine ni mtu mzuri kabisa, lakini mzee akilala leo akose kuamka, watoto wake wa kuzaa watakuja na hawatajua hawa watoto wengine ni kina nani. Ombeni mitano au zaidi, iandikwe, isajiliwe, na iandikwe pia kila shilingi mtakayoweka kwa paa na ukuta itakatwa kwa kodi ya baadaye, na wakiwatoa mapema mnarudishiwa. Alafu mtu aende ofisi ya ardhi afanye utafutaji wa hati, majengo mengi ya town yamekalia ploti ambayo gava ilikodisha kwa miaka 99, muangalie imebaki mingapi na kama jina la mzee ndilo liko hapo kweli ama bado ni la babake.

Ya pesa nitasema kidogo tu. Karo ya watoto inalipa walimu, hailipi jengo, msidanganyane. Stima, maji na soja wa usiku sisi vilikua vinalipwa na kukodisha chumba kikubwa jioni kwa mazoezi ya kwaya, mikutano ya chama na watu wa yoga (ndio, Nakuru tuko na watu wa yoga), na mama mmoja alikua anauza chai na mandazi hapo mlangoni anatulipa kitu kidogo. Siku mama wa chai hajakuja hata wazazi hawakai.

wuod_nam

Mimi nitauliza swali watu hawataki kuuliza. Haya maduka tunayoita urithi, urithi wa nani? Enzi za mkoloni mji uligawanywa, Mzungu akakaa juu Milimani kwa upepo, Mhindi akapewa katikati afanye biashara, mtu mweusi akasukumwa huko Kaloleni na vijijini. Babu zetu kwa hiyo veranda walikua wanabeba magunia. Leo mnataka kuenda kufunza nyatiti humo ndani na mtumie pesa yenu kumtengenezea tajiri ukuta. Nyatiti mahali pake ni dala, yaani bomani. Pale Kisumu Museum kuna boma zima la Kijaluo limejengwa, Ber-gi-dala, na simba (nyumba ya kijana) iko na dero (ghala) iko, nendeni muongee na wao mfunze watoto hapo wajue mambo yao.

MamaSection58

@wuod_nam point yako nimeisikia lakini pale ni maonyesho, hutamwaga rangi ya mafuta sakafuni kwa nyumba ya mikayi, mke wa kwanza.

mwalimu_wa_isukuti

Habari zenu kutoka Kakamega. Ndugu wuod_nam hajakosea kuhusu ile migawanyo, lakini majengo ya zamani ya Kisumu si ya upande mmoja. Ofafa Memorial Hall ni jengo la zamani pia, na lilisimama kwa michango ya Luo Union, chama cha Wajaluo, kumkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa 1953. Watu wa kawaida walitoa shilingi zao. Na hata hayo maduka, reli ilifika hapo Desemba 1901, wakati huo wanaita Port Florence, na upande huu wote ulikua bado unahesabiwa Uganda hadi 1902. Mawe ya mji hayakujibeba, kuna mtu aliyachonga na mwingine akayapandisha mabegani. Sasa mtoto akikaa humo ndani akifunzwa nyatiti, na mwalimu amwambie nani alikua anakaa wapi na nani alibeba nini, si ni somo hilo? Mimi ningeanza nalo kabla ya kumpa kamba ashike.

Nikirudi kwa aliyeuliza. Ruhusa ni sehemu mbili na watu wanazichanganya. Katiba ya 2010 ilipeleka mambo ya utamaduni, maktaba, makumbusho na kumbi za maonyesho kwa kaunti, lakini kumbukumbu za kihistoria zenye uzito wa taifa zilibaki kwa serikali kuu. Kwa hivyo mnaenda kwanza pale Kisumu Museum mnauliza kama jengo limetangazwa kwenye gazeti la serikali chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Kama limetangazwa, hamgusi hata dirisha bila wao kukubali. Kama halijatangazwa mko huru zaidi, lakini ombeni bado ushauri wao. Alafu kaunti, kwa sababu duka kua shule ya sanaa ni kubadilisha matumizi ya jengo na hiyo inapitia ofisi ya mipango, na watu wa zimamoto na afya ya umma watakuja tu, afadhali muwaite nyinyi. Ghorofa ya mbao yenye ngazi moja watauliza watoto wanatokea wapi moto ukishika, mkuwe na jibu.

Kikundi chenyewe kimesajiliwa? Siku hizi ni kwa sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, ofisi ya maendeleo ya jamii, na mnafaa kua watu wasiopungua kumi. Wakili hawezi andika mkataba na "sisi wasanii wa Kondele".

Na ngoma. Mimi nafunza isukuti na nasema kwa mapenzi, msiipeleke humo. UNESCO waliweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka mwaka wa 2014, na ni kweli inahitaji kuokolewa, lakini ukiiokolea katikati ya maofisi saa tano asubuhi NEMA, wale wa mazingira, watakuja kwako na ile sheria ya kelele ya 2009 kabla hujafika wimbo wa pili. Ngoma tatu zikianza kujibizana ndani ya ua wa mawe hata wewe mwalimu husikii nani amekosea. Tafuteni uwanja. Nyatiti, orutu, litungu, hizo ndizo za ua kama huo.

fundi_chokaa

Nimesoma mpaka hapo kwa fundi wa simiti nikaweka chai chini. Vijana, msimlipe huyo hata ya kuangalia tena.

Mimi nimefanya kazi ya nyumba za zamani Mombasa na Lamu, sasa niko huku bara karibu na Maseno, na ugonjwa unaoua haya majengo ni mmoja, pwani na bara. Ukuta wa mawe wa zamani umeshikwa na chokaa. Chokaa ni laini na inapumua, maji yakiingia wakati wa mvua yanatokea kwa viungo yanakauka. Ukija ukaufunga kwa simiti ngumu, maji yanayopanda kutoka msingini na yanayovuja juu hayana mlango, yanakaa ndani ya jiwe na chumvi yake, chumvi inasukuma, na baada ya misimu michache unaona plasta imetuna kama chapati halafu inaanguka na ngozi ya jiwe. Mtu anasema ukuta mbovu, anaita fundi yule yule aongeze simiti. Biashara nzuri hiyo, kwa fundi.

Lakini msinikubali kwa mdomo, mjichunguzie, kwa sababu miaka ya 30 simiti ilishakuwa inafika kwa meli na wengine waliichanganya. Chukua msumari wa inchi nne, nenda mahali plasta imeanguka, kwaruza kiungo kati ya jiwe na jiwe. Kikitoka unga mweupe na msumari unazama, hiyo ni chokaa. Msumari ukiteleza na kuacha mstari wa kijivu tu, hapo pana simiti. Kwaruza chini, katikati na juu, ndani na nje, kwa maana nyumba hizi zimepita mikononi mwa watu wengi. Pale penye chokaa rudisha chokaa. Na chokaa hamna haja ya kuleta kutoka pwani, Koru hapo juu yenu wanachoma chokaa tangu enzi za wakoloni. Ile ya mfuko mnailoweka kwenye pipa, maji yaifunike, mnaiacha wiki kadhaa, inakuwa kama siagi. Ndoo moja ya hiyo kwa ndoo tatu za mchanga msafi wa mto, mkali, usio na udongo. Mnapiga nyembamba, mnangoja, mnapiga nyingine, na mnafunika kwa magunia mabichi jua la Kisumu lisiikaushe mbio, kwa sababu chokaa inashika kwa kuvuta hewa polepole na ikikaushwa haraka inakuwa vumbi. Miwani na glavu muhimu, ikiingia jichoni inachoma, na watoto wasikae karibu na pipa.

Ila ukuta si wa kwanza. Cha kwanza ni paa, cha pili gata na mifereji ya chini, cha tatu stima. Ukipiga plasta chini ya paa linalovuja umetupa pesa ziwani. Mpande juu baada ya mvua, si wakati wa jua, muone maji yanaingia wapi. Mabati yenye kutu si lazima yote yatolewe, mara nyingi ni misumari imelegea na ile mistari ya chini. Na kama kule nyuma kwa stoo kuna mabati ya kijivu yasiyo ya chuma, yale mazito ya mawimbi makubwa, simameni hapo hapo, inaweza kuwa asbesto. Msitoboe, msivunje, msipige mswaki. Vumbi lake ni la mapafu, na kuitoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA. Rangi za zamani za milango nazo zina risasi, msikwangue kavu mtoto akiwa anacheza hapo.

Popo: mavi yao msifagie kavu. Nyunyizeni maji kwanza, mvae barakoa nzuri, kuna ukungu unaokaa humo unaoshika kifua. Wao hutoka jioni, mnaziba matundu wakishatoka, ila muangalie kwanza kama kuna vitoto havijaanza kuruka, mkivifungia vitaoza humo humo na mtaijua harufu ya kweli.

Stima ya nyumba kama hiyo ni ya taa tatu na redio. Nyaya za zamani zina mpira unaokatika ukiugusa. Mwekeeni laini mpya ya kila chumba na bokisi yake ya fyuzi, na waya ipite juu ya ukuta kwa paipu, msichimbe mawe kupitisha waya, ukuta si chapati ya kukunjwa.

Masomo sasa. Densi isipande juu. Mbao za ghorofa zinaweza kubeba watu wameketi, lakini watoto thelathini wakiruka kwa mdundo mmoja ni mzigo mwingine kabisa. Densi iwe chini, chumba kikubwa cha duka, na hiyo tailisi msiweke, inateleza. Sakafu ya simiti ya zamani iliyosuguliwa iacheni. Juu wakae wachoraji na wasukaji, lakini kwanza chukua bisibisi, choma kila boriti pale inapoingia ukutani, hapo ndipo mchwa huanzia kula. Bisibisi ikizama bila kelele, hakuna mtu kupanda. Tanuri la vyungu mkipata siku moja liwe uani mbali na mbao, wala si chini ya ngazi kama nilivyoona mahali.

brashi_tatu

Mimi mchoraji, niongeze hapo kwa mzee fundi, shikamoo. Vitabu vya Ulaya vinasema studio iwe na dirisha la kaskazini mwanga usibadilike. Kisumu hiyo haifanyi kazi, tuko karibu sana na ikweta, nusu ya mwaka jua linapita kaskazini nusu linapita kusini. Adui wenu ni dirisha la magharibi, kuanzia saa tisa jua la ziwani linaingia moja kwa moja kwa karatasi ya mtoto. Angalieni hiyo ghorofa inaangalia wapi. Kama ni magharibi klasi ya kuchora iwe asubuhi, jioni muweke wasukaji, wao wanataka joto kidogo, magugu maji yakishika unyevu yanaota ukungu. Ngozi ya nyatiti pia msiache stoo ya chini usiku, ikilegea mnapoteza nusu saa ya kwanza mkivuta nyuzi nane moja moja huku watoto wanapigana.

binti_wa_forodhani

Mie nilisoma muziki Zanzibar, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kile kilichoanza 2002, wakati nasoma kilikuwa kwenye jengo la zamani la forodha pale Mji Mkongwe. Unapanda ngazi unasikia chumba hiki udi, kile kanuni, kile fidla, chini watu wa ngoma. Nakubaliana na kila alichosema fundi ila nataka kuwajibu wale wanaotaka muende Mamboleo. Pale jengo lilikuwa linaleta watu lenyewe. Mgeni anakuja kupiga picha mlango, anasikia taarabu, anapanda, anakata tiketi ya jioni. Banda la mabati halikupi hiyo.

Lakini nyumba nzuri haikulindi na njaa. Mwaka 2019 chuo kilikaribia kufungwa kwa sababu wafadhili walikuwa wameondoka na karo za wanafunzi peke yake hazikutosha, ilibidi watangaze dunia nzima kuomba msaada. Na hicho ni chuo chenye jina. Hivyo anachosema Mama wa Nakuru kuhusu chai na kukodisha ukumbi si mzaha. Nairobi nako GoDown walianza 2003 kwenye godauni la zamani kule viwandani, wasanii wengi sehemu moja, wakigawana gharama. Nyie mko vikundi vinne ndani ya kimoja tayari, kila kikundi kilipe chumba chake hata kama ni kidogo, msifanye kila kitu kiwe cha wote, cha wote hakifagiliwi.

orutu_kondele

Wadau asanteni sana, mzee fundi shikamoo, mama wa Nakuru pole kwa hiyo dari imeniuma kama yangu.

Nimerudi na habari. Tumekwaruza na msumari. Chini na katikati ni unga mweupe kabisa, juu ya madirisha mawili kuna mtu alishaweka simiti na hapo ndipo jiwe limebabuka, sikuamini nikapiga picha nikawatumia memba wote, yule wa Mamboleo akanyamaza kwa mara ya kwanza. Paa la stoo ni mabati ya kawaida. Boriti za ghorofa tatu ziko sawa, ya nne upande wa nyuma bisibisi ilienda hadi mpini, kwa hivyo juu hakuna mtu anapanda mpaka ibadilishwe. Makumbusho wamesema jengo halimo kwa orodha lakini wangependa kuja kulipiga picha na kuandika habari zake kabla hatujaanza.

Mzee tuliongea naye na mtoto wake wa kwanza akiwepo, hiyo nilitoa kwa @MamaSection58. Mwanzo alikasirika kidogo, akasema vijana wa siku hizi mnapenda karatasi, lakini yule mtoto wake akasema ata yeye anataka karatasi. Tumefikia miaka sita, paa analipa yeye, sisi ukuta na stima na hizo zetu zinakatwa kwa kodi kuanzia mwaka wa tatu. Wakili anaandika. Mpaka isainiwe hatujanunua ata ndoo.

@wuod_nam ndugu yangu sijakupuuza. Kuna nyanya anauza omena pale soko jirani, mumewe alikua mpagazi wa hayo maduka, tumemwomba aje siku ya kwanza aambie watoto ilikuaje. Amekubali, amesema atataka kiti cha kuegemea na soda. Karibu pia, na ukija ukileta maneno yako makali ni sawa.

Tunaanza na ua na chumba kimoja cha chini, nyatiti, orutu na kusuka. Kuchora itabaki ukumbini mpaka ghorofa ipone. Densi wanangoja chumba cha pili.

wuod_nam

Nitakuja. Soda ya nyanya ni juu yangu. Lakini bado nasema mchunge huyo tajiri.

fundi_chokaa

Marahaba. Hapo juu ya madirisha msitoe hiyo simiti kwa nyundo kubwa, mtang'oa jiwe zima. Patasi ndogo, kutoka kwenye kiungo kuelekea nje, taratibu, na pakikataa paacheni. Boriti mpya tafuteni mti uliokauka vizuri, si ule unaotoka mashineni na maji yake. Nikipata nafasi mwezi ujao nitapita, muwe mmeshaloweka chokaa, na wawili watatu kati yenu wawe tayari kujifunza, sitaki kuja kuwapigia plasta mkiangalia simu.

mama_wa_nyalenda

Samahani nimechelewa kuona hii. Msichana wangu ana miaka saba anataka hiyo nyatiti, anapiga masufuria nyumbani hatulali. Wasichana mnachukua ama bado ni ile mambo ya zamani ya wanaume peke yao? Na ni pesa ngapi?

orutu_kondele

Mama tunachukua wasichana, kati ya wanaofunza mmoja ni dada. Miaka saba vidole bado ni vifupi kwa nyuzi nane lakini tuko na ndogo mbili za kuanzia. Mia mbili kwa Sato, saa tatu hadi saa tano, wakiwa wawili wa nyumba moja wa pili analipa mia. Aje na kofia kwa sababu ua hauna kivuli bado, na masufuria ayaache.